Nani Aliubeba Mzigo wa Mkonge?

Wahenga walisema kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mkonge ulipoingia Tanganyika ulikuwa mgeni wa namna nyingine. Haukupewa jembe, wenyewe uliwapa wenyeji jembe, na kisu, na kipande, na namba. Asili yake ni nchi ya Mexico, upande wa Yucatan. Mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf, mtaalamu wa mimea katika utumishi wa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Ilisafiri baharini kwa njia ya Hamburg, na karibu yote ikafa. Iliyofika hai katika pwani ya Tanga na Pangani ilikuwa 62 tu. Ikapandwa Kikogwe, karibu na mji wa Pangani, ikazaa, na watoto wake wakazaa, hata kabla ya vita vya 1914 nchi ilikuwa inapeleka ng'ambo tani 20,000 na zaidi kwa mwaka. Kufikia mwaka 1964 mavuno yalikuwa yamepanda mpaka tani 230,000 hivi, na Tanganyika ilikuwa mbele ya nchi zote za dunia kwa zao hili.

Habari za mmea huu zimesimuliwa mara nyingi, kwa sababu ni habari njema kuzisikia: miche 62 iliyogeuka kuwa utajiri wa nchi. Habari za mikono iliyoukata husimuliwa kwa nadra. Kila shamba kubwa lina hesabu mbili. Hesabu ya kwanza huandikwa katika daftari, nayo ni ya tani, bei, meli na faida. Hesabu ya pili haina daftari. Ni gharama ya kumzaa mtu, kumlea hata afikie umri wa kushika kisu, kumtibu anapougua, kumpumzisha anapochoka, kumlisha anapozeeka, na kuwatunza wanawe ili kesho wapatikane wengine wa kushika kisu baada yake. Gharama hii haifutiki. Asiyeilipa humwachia mwingine ailipe. Kwa hiyo historia ya hali za wafanyakazi katika mashamba ya mkonge ni historia ya mzigo mmoja uliohama kutoka bega moja hata jingine. Na kila aliyeutua alidhani kwamba umekwisha, kumbe mwingine alikuwa ameinama kuupokea.

Kwanza yafaa kujua tabia ya mmea wenyewe, kwa kuwa tabia ya mmea iliathiri maisha ya watu. Kahawa na pamba zina majira yake. Mtu huchuma, kisha hupumzika. Mkonge hauna majira. Ukikomaa, baada ya miaka mitatu au zaidi, hukatwa majani ya chini mara kwa mara, mwaka baada ya mwaka, mpaka utoe mlingoti wake mrefu, ufe. Katika kila kilo 100 za majani, singa zinazopatikana ni kama kilo 4 tu. Zilizobaki ni maji na makapi. Kubeba mzigo wa namna hiyo kwenda mbali ni hasara, na jani likicheleweshwa hukauka na singa zake huharibika. Basi kiwanda cha kusaga majani, ambacho wafanyakazi walikiita korona, kililazimika kuwa ndani ya shamba, na reli ndogo za kuvuta majani zikatandazwa kati ya mistari ya mimea. Korona ikiisha kuwashwa hutaka kulishwa kila siku. Shamba la mkonge, kwa hiyo, halikuhitaji wasaidizi wa msimu. Lilihitaji jeshi zima la watu wa kudumu, mahali ambapo watu hao hawakuwapo.

Si kwamba nchi ya Tanga haikuwa na watu. Wabondei, Wazigua, Wasambaa na Wadigo walikuwapo, lakini walikuwa na mashamba yao, minazi yao, migomba yao na masoko yao. Mtu mwenye chakula chake hana haraka ya kumlimia mwingine kwa ujira mdogo. Serikali ya Kijerumani ililiona jambo hili kuwa uvivu, ikatafuta dawa yake. Kodi ya nyumba ilianza kutozwa mwaka 1898, na mtu asiye na fedha ilimpasa aitafute kwa kazi. Kodi isipotosha, ilitumika amri. Katika wilaya ya Wilhelmstal, ambayo leo ni Lushoto, uliwekwa mwaka 1907 utaratibu wa kadi: kila mwanamume mwenye nguvu alitakiwa kufanya kazi ya ujira siku 30 katika kila miezi 4 kwa walowezi, na aliyeshindwa kuonyesha kadi iliyojaa aliweza kutiwa katika kazi za serikali. Huko kusini mambo yalikuwa yamekwisha kuzidi kiasi. Wanavijiji walilazimishwa kulima mashamba ya pamoja ya pamba kwa malipo duni, na katika Julai 1905 watu wa Umatumbi wakaanza kung'oa pamba hiyo. Kung'oa miche hiyo kulikuwa mwanzo wa Vita vya Maji Maji, vilivyoua watu kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa njaa iliyofuata. Hakuna ushahidi mkubwa kuliko huo kwamba swali la kazi ya mashambani lilikuwa swali la maisha na mauti.

Baada ya vita vya kwanza vya dunia nchi ilitiwa chini ya Uingereza kwa udhamini wa Shirikisho la Mataifa. Mashamba ya Wajerumani yalitwaliwa kama mali ya adui, yakauzwa, na Wagiriki, Wahindi, Waingereza na wengineo wakawa wenye mashamba. Sheria zilizotungwa katika miaka hiyo zinastahili kusomwa pamoja. Mwaka 1922 ilipitishwa sheria ya kukomesha utumwa katika nchi yote. Mwaka 1923 ikapitishwa sheria ya mabwana na watumishi wenyeji, ambayo kwayo mfanyakazi aliyeacha kazi kabla ya muda wa mkataba wake aliweza kushitakiwa na kuadhibiwa kama mhalifu. Kwa sheria ya kwanza mtu hakuwa tena mali ya mtu. Kwa sheria ya pili ahadi ya mtu maskini ikawa na jela nyuma yake, hali mwajiri aliyevunja ahadi hakutazamwa kwa jicho lile lile.

Kwa kuwa watu wa karibu hawakutosha, mashamba yalitazama mbali. Walikuja Waha na Warundi kutoka magharibi, Wanyamwezi kutoka katikati, Wabena na Wangoni kutoka kusini, Wamakonde na Wamakua kutoka pande zote mbili za mto Ruvuma. Wengi walitembea kwa miguu mamia ya maili kabla ya kuiona reli. Njiani waliugua kwa homa na kuhara, wakalala katika baridi na mvua, na baadhi yao hawakufika. Mwaka 1926 serikali iliunda Idara ya Kazi chini ya Meja Orde-Browne. Idara hiyo ilijenga kambi za kupumzikia katika njia kuu, ikakagua mashamba, ikahesabu vyoo, maji na vitanda vya wagonjwa. Ilikuwa mara ya kwanza katika nchi hii kwa chombo cha serikali kukiri kwamba mtu anayekwenda kazini ana mwili unaohitaji kutunzwa tangu atokapo kwao mpaka arudipo.

Lakini idara hiyo haikudumu. Mwaka 1929 biashara ya dunia ilianguka, bei ya mkonge ikaporomoka pamoja nayo, mishahara ikapunguzwa, na mwaka 1931 Idara ya Kazi ikafungwa ili kubana matumizi. Katika miaka hiyo hiyo ya 1930 kituo cha utafiti wa mkonge kilianzishwa Mlingano, karibu na Ngomeni, ili kuchunguza udongo, mbegu na maradhi ya mmea. Hapana ubaya wowote katika kuchunguza maradhi ya mmea. Walakini mtu akiyaweka mambo haya mawili pamoja, aweza kuona ni kitu gani kilichodhaniwa kuwa mali katika siku za dhiki, na ni kitu gani kilichodhaniwa kuwa gharama.

Ujira wa siku zile ulijengwa juu ya fikira moja ambayo haikusemwa waziwazi mara nyingi, lakini ilishikwa na karibu wote. Ilidhaniwa kwamba mfanyakazi wa Kiafrika ni mwanamume asiye na jamaa. Alipewa posho ya unga, maharage na chumvi kwa tumbo moja, mahali pa kulala kwa mwili mmoja, na fedha za kutosha kodi na nguo. Mkewe hakuhesabiwa, kwa sababu alikuwa Buha. Wanawe hawakuhesabiwa, kwa sababu walikuwa Ubena. Uzee wake haukuhesabiwa, kwa sababu angezeekea kwao. Wenye mashamba waliweza kusema kwa haki kwamba walimlisha mtu siku zote alizokuwa nao. Ni kweli. Lakini walimpokea akiwa kijana mwenye nguvu, ambaye kijiji kilikuwa kimemlea miaka ishirini bila kuwadai hata senti moja; na walimrudisha akiwa amechoka, au ana kikohozi, au amepoteza kidole, kijiji kikampokea tena bila kuwadai chochote.

Huko kijijini ndiko hesabu ya pili ilikolipwa. Mwanamke aliyeachwa alilima shamba la watu wawili kwa mikono miwili. Miti iliyohitaji kukatwa na wanaume ili shamba jipya lifunguliwe haikukatwa. Basi shamba la zamani lililimwa tena hata likachoka. Paa lililovuja lilingoja. Mashauri ya ukoo yalingoja. Mtoto alimjua baba yake kwa jina na kwa shuka iliyoletwa baada ya mkataba. Wahenga walisema pia kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwa mtu aliyetazama kutoka Tanga, mzigo wa Buha ulikuwa mwepesi kama usufi, kwa kuwa hakuuona. Bei ya kamba zilizofunga ngano katika mashamba ya Ulaya na Marekani ilikuwa nafuu kwa sababu sehemu moja ya gharama yake ilikuwa imekwisha kulipwa na mwanamke aliyeinama katika shamba ambalo hakuna mnunuzi aliyelisikia.

Katika shamba lenyewe chombo kikuu cha utawala kilikuwa kipande. Kilikuwa kadi yenye nafasi 30, na kila siku mfanyakazi alipotimiza kazi aliyopimiwa, nafasi moja ilitiwa alama. Nafasi 30 zilipojaa, alilipwa. Asiyemaliza kazi hakutiwa alama. Aliyeugua hakutiwa alama. Mvua ilipozuia kazi, mara nyingi alama haikuwapo. Mwezi wa kipande, kwa hiyo, haukufuata mwezi wa mbinguni. Mwezi wa mbinguni uliandama na kufa, na mwezi wa kipande ulikuwa bado mchanga mkononi mwa mtu. Mkata majani alipimiwa kazi yake kwa mafurushi ya majani 30. Katika miaka ya 1950 kazi ya siku ilikuwa aghalabu mafurushi 70, yaani majani 2,100, kila moja lina mwiba mkali katika ncha yake. Mtu hodari alianza alfajiri akamaliza kabla ya jua kuwa kali. Mtu dhaifu alimaliza jioni, au hakumaliza, na jua lake lote likapotea bila alama.

Kipande kilikuwa na watetezi. Walisema kwamba kilimpa mfanyakazi uhuru: akitaka kupumzika apumzike, akitaka kulima bustani yake alime, hakuna amshikaye. Hoja hii haikuwa uongo mtupu, na wako wafanyakazi walioupenda utaratibu huo kwa ajili ya nafasi hiyo. Lakini uhuru wa kupumzika bila chakula ni uhuru wa upande mmoja. Hatari zote za maisha, yaani maradhi, mvua, uchovu na msiba, ziliwekwa katika upande wa mfanyakazi wa kadi ile. Na katika upande wa mwajiri iliwekwa kazi iliyokwisha kufanyika.

Vita vya pili vya dunia viliongeza uzito wa mzigo. Mwaka 1942 Wajapani waliziteka Ufilipino na visiwa vya Indonesia, ambako dunia ilipata katani na mkonge kwa wingi. Majeshi na meli za Uingereza na wenzake zilihitaji kamba, na macho yakageukia Afrika ya Mashariki. Watu waliandikishwa kwa nguvu ya sheria, wakapelekwa katika mashamba ya watu binafsi. Mkataba wa kimataifa juu ya kazi ya kulazimishwa, uliofanywa Geneva mwaka 1930, ulikuwa umekataza jambo hilo isipokuwa katika dharura kama vita, na vita vilikuwapo. Lakini mtu aliyetolewa kijijini kwake kwa amri ili akate mkonge katika shamba la mtu mwingine hakuweza kuona kwa urahisi mahali ambapo dharura ya taifa ilikoma na faida ya mwenye shamba ilipoanza.

Mwaka 1944 chama cha wakulima wa mkonge kiliunda ofisi yake ya kutafuta wafanyakazi, iliyojulikana kote kwa jina la SILABU. Ofisi hii ilifanya kwa utaratibu yale yaliyofanywa zamani kwa vurugu. Mawakala wake walifika wilaya za mbali, wakaandikisha watu kwa mkataba, wakawapima afya, wakawapa blanketi, wakawasafirisha kwa malori na garimoshi. Vifo vya njiani vya miaka ya 1920 havikuonekana tena kwa wingi ule. Kila mtu alipewa namba, na kutokana na namba hiyo likazaliwa neno manamba. Neno lilianza ofisini kama hesabu, likatoka likawa jina la watu, na mwishowe likawa tusi. Watoto wa pwani walilitumia kumdhihaki mgeni mwenye nguo chakavu. Hivyo mtu aliyekuja na jina la baba yake na la ukoo wake alivuliwa yote mawili, akapewa jina moja na maelfu wengine. Hilo nalo lilikuwa sehemu ya gharama, na hapana daftari lililoliandika.

Katika miaka ya 1950 hali ilibadilika, na haki yataka jambo hili lisemwe. Bei ya mkonge ilikuwa imepanda sana wakati wa vita vya Korea, na wafanyakazi waliozidi 100,000 walikuwa katika mashamba. Baadhi ya wenye mashamba walijenga nyumba za matofali mahali pa vibanda vya makuti, wakachimba visima, wakafungua zahanati na shule, wakawaruhusu na kuwahimiza watu kuja na wake zao. Walikuwako miongoni mwao waliofanya hivyo kwa moyo. Walikuwako pia waliofanya kwa hesabu, kwa maana mfanyakazi mwenye mke na nyumba hakai miezi tisa akaondoka. Hukaa, hujua kazi, na mwanawe hukulia karibu na korona. Moyo na hesabu vikikutana, maskini hupata nafuu, na nafuu haiulizwi ilikotoka.

Lakini wema huo ulikuwa na upungufu mmoja, nao ni kwamba ulikuwa zawadi. Nyumba ilikuwa ya shamba. Aliyefukuzwa kazi alifukuzwa na nyumbani, yeye na mkewe na wanawe, labda katika siku moja. Zahanati ilikuwa ya shamba. Bei ilipoanguka, dawa zilipungua. Mnyapara aliyechukizwa aliweza kumnyima mtu alama ya kipande, na hakuna aliyekuwapo wa kusikiliza lalamiko ila yule yule aliyemweka mnyapara. Zawadi humpendeza apewaye, lakini haimpi mahali pa kusimama. Mtu huweza kushukuru miaka kumi bila kujua kama mwaka wa kumi na moja atakuwa na paa.

Mahali pa kusimama palitafutwa kwa njia ya umoja. Sheria ya vyama vya wafanyakazi ilikuwapo tangu mwaka 1932, lakini katika mashamba haikuwa na maana kubwa kwa muda mrefu. Mwaka 1955 liliundwa Shirikisho la Wafanyakazi wa Tanganyika, na Rashidi Kawawa akawa katibu wake mkuu. Muda si mrefu chama cha wafanyakazi wa mkonge na mashamba kikasimama, na miongoni mwa viongozi wake mashuhuri alikuwa Victor Mkello. Wenye mashamba walipendelea mabaraza ya mashauriano ambayo wafanyakazi walikaa pamoja na wakubwa bila chama. Wafanyakazi walitaka chama chao wenyewe. Ugomvi huu haukuwa wa senti peke yake. Mwaka 1958 katika shamba la Mazinde, wilaya ya Korogwe, wafanyakazi waliacha kazi katika mgomo uliosikika nchi nzima, na migomo mingine ikafuata katika mashamba mengi. Watu waliotoka makabila yaliyokuwa hayajuani, waliochekwa kwa jina moja la manamba, walilitumia jina lile lile kuwa jina la umoja.

Mwaka huo huo wa 1958 Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha Mkataba wa 110 juu ya mashamba makubwa ya nchi za joto. Ndani yake mlikuwa na mambo ya kuandikisha wafanyakazi, mishahara, likizo, uzazi, makao, matibabu, na haki ya kuungana. Mambo hayo mengi yalikuwa yamekwisha kufanywa na baadhi ya mashamba kama fadhila. Mkataba uliyaita haki. Kati ya maneno haya mawili kuna umbali mkubwa kuliko ule wa kutoka Kigoma hadi Tanga, kwa kuwa fadhila hurudishwa mfukoni na mtoaji, na haki hudaiwa na mwenyewe.

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, na katika miaka mitatu ya kwanza sheria nyingi za kazi zilitungwa: kima cha chini cha mshahara, malipo ya kuachishwa kazi, likizo yenye malipo, na mwaka 1964 akiba ya wafanyakazi kwa siku za uzee. Utaratibu wa kipande uliondolewa. Mshahara wa mkonge ulipanda kwa kiasi ambacho mtu wa mwaka 1950 asingekiota. Kwa mara ya kwanza hesabu ya pili iliingizwa katika daftari la kwanza, na mwenye shamba akaulizwa alipe sehemu ya uzee, ya maradhi na ya jamaa.

Hata hivyo mzigo uliotuliwa upande mmoja uliinuliwa upande mwingine. Mwenye shamba alipotakiwa kumlipa mtu zaidi, alitafuta kuajiri watu wachache zaidi na kuwapimia kazi kubwa zaidi. Maelfu waliachishwa. Aliyebaki alipata mshahara wa kulea jamaa. Aliyetoka hakupata kitu ila barabara. Na sauti iliyoyaleta mageuzi haya nayo ilibanwa. Sheria ya 1962 ilifanya mgomo kuwa jambo gumu sana kisheria. Januari 1963 Mkello alipelekwa kukaa Sumbawanga, mbali na mashamba. Na mwaka 1964 vyama vyote vilivunjwa, pakawa na chama kimoja, NUTA, chini ya uangalizi wa serikali. Watawala walitoa sababu zao: nchi ilikuwa changa na maskini, wafanyakazi wa mshahara walikuwa wachache, na wakulima walio wengi walikuwa na hali duni kuliko wao. Sababu hizo zilikuwa na uzito. Lakini matokeo yake yalikuwa kwamba haki ilirudi kutegemea wema wa mtoaji, ijapokuwa mtoaji sasa alikuwa serikali ya wananchi.

Bei ya mkonge ilianza kuanguka mwaka 1964, kwa kuwa viwanda vya ng'ambo vilikuwa vimejifunza kutengeneza kamba za nyuzi za kemikali. Baada ya Azimio la Arusha, sehemu kubwa ya mashamba ilitaifishwa mwaka 1967. Mashamba yaliyobadili mwenyewe hayakubadili soko. Mwaka baada ya mwaka mavuno yalipungua, hata mwishoni mwa miaka ya 1990 yalikuwa kama moja ya kumi ya yale ya 1964. Korona nyingi zilinyamaza. Katika kambi za Korogwe, Muheza na Kilosa walibaki wazee waliokuja vijana kwa mkataba. Kwao walikotoka ndugu wa rika lao walikuwa wamekufa, na mashamba ya ukoo yalikuwa yamegawanywa. Walikuwa wageni katika nchi walikozeekea, na wageni katika nchi walikozaliwa. Fikira ya zamani kwamba mfanyakazi atazeekea kwao ilikutana na watu wasio na kwao, na wajibu wa kuwatunza ukaangukia wana wao na majirani zao.

Mwaka 1998 mashamba ya shirika la umma yalirudishwa katika mikono ya watu binafsi, na sehemu nyingine ikagawiwa wakulima wadogo, kila jamaa na eneo lake la mkonge la kutunza na kuuza majani kiwandani. Wako wana na wajukuu wa manamba ambao leo wanaitwa wakulima. Hilo ni jambo la heshima, na halikosi maana kubwa. Lakini mkulima mdogo naye huajiri wakataji wakati wa kukata, naye hulipa kwa furushi. Sheria ya ajira ya 2004 inamhusu mkataji huyo kama inavyomhusu mfanyakazi wa kiwanda. Walakini mkulima mwenyewe aghalabu hana zahanati, wala nyumba za wafanyakazi, wala fedha za kumtunza aliyechomwa jicho na mwiba. Mwajiri amekuwa maskini kama mwajiriwa, na kiwanda chaweza kusema kwamba mkataji si wake. Mzigo umehama tena, na safari hii umehamia kwa mtu mwenye bega jembamba.

Kutokana na miaka hii zaidi ya mia moja, jambo moja laonekana wazi. Hakuna utawala wowote, wa Mjerumani, wa Mwingereza, wa chama au wa soko, uliofaulu kuifuta gharama ya kumtunza mfanyakazi. Kila mmoja uliihamisha tu: kijijini, kwa mwanamke, kwa aliyeachishwa kazi, kwa mzee wa kambini, kwa mkulima mdogo. Nafuu ya kweli ilipatikana katika vipindi vifupi ambapo yule aliyebeba alikuwa na sauti ya kusema uzito wa alichobeba, na aliyefaidika alilazimika kumsikia. Nyumba ya matofali, dawa na posho ni vitu vyema. Lakini vilidumu pale tu vilipoweza kudaiwa. Mzigo wa mwenzio utakuwa kanda la usufi siku zote, mpaka mwenzio apate kinywa cha kutaja ratili zake, na mizani ya kuupimia mbele ya watu.